Televisheni ya Hoteli ya Mokeira

Watu wa Magwagwa walikuwa wakisema kwamba Mokeira hanunui kitu, hukiposa. Akitaka kuku, alimpima uzito kwa mkono, akampuliza manyoya ya kifuani aone rangi ya ngozi, kisha akauliza kuku huyo hulala wapi na hula nini. Akitaka sufuria, aliigonga kwa kidole na kusikiliza. Wachuuzi wa omena, wale dagaa wa ziwani, waliguna walipomwona akija, lakini hawakumficha mzigo wao mzuri, kwa sababu walijua kwamba akishachagua hana maneno mengi, na wiki ijayo atarudi palepale.

Alikuwa na hoteli ndogo ya chai na mandazi sokoni, mkabala na kinu cha kusaga mahindi alichoendesha mumewe, Onchiri. Mtu akileta debe lake la mahindi hupanga foleni, na akichoka kusimama huvuka barabara akanywa chai. Kwa njia hiyo kinu kililisha hoteli, na hoteli ikawatuliza wateja wa kinu. Onchiri alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye unga kwenye nyusi hata siku ya kanisa. Miaka mingi kando ya injini ya dizeli ilikuwa imemwibia sehemu ya masikio, hivyo aliongea kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto. Alipomnong'oneza mkewe kwamba sukari inakaribia kuisha, soko zima lilijua.

Maisha yao yalikwenda hivyo hadi mwishoni mwa mwaka wa 1996, Mose alipoleta video.

Mose alikuwa na hoteli yake upande wa chini wa barabara. Stima ilikuwa bado haijafika kwenye safu zile za maduka, kwa hiyo alinunua jenereta, televisheni, deki ya kuchezea kanda za video, na spika mbili zilizofika kiunoni, zenye taa nyekundu na kijani zilizowakawaka kila sauti ilipopanda. Siku ya kwanza wateja wa Mokeira walisimama mlangoni wakitega masikio. Siku ya pili walivuka barabara. Jambo lililomuudhi Mokeira ni kwamba walivuka na vikombe vyake mikononi.

Alijifunga leso, akaenda kuvichukua. Alikuta chumba kimejaa, moshi wa jenereta ukiingia kupitia dirishani, na sauti ikitikisa hata vijiko. Kwenye televisheni watu wenye nyuso za zambarau walikuwa wakipigana ndani ya kitu kama ukungu. Alikaa kidogo karibu na mteja wake mmoja.

"Huyu anayepigwa ni nani?" akamuuliza sikioni.

"Sijui."

"Na anayempiga?"

Mteja alifikiri. "Nadhani ni yuleyule," akasema.

Mokeira alikusanya vikombe vyake, akarudi. Alikuwa amewahi kutazama televisheni nzuri mara moja, kwa dada yake anayeishi Nyanchwa. Ilikuwa ndogo, lakini ilimwonyesha bibi mmoja akimenya njegere, na Mokeira aliweza kuona kidole gumba kikisukuma punje moja baada ya nyingine. Tangu siku hiyo alijua kwamba video inaweza kuwa kitu kingine kabisa kuliko kelele.

Bonasi ya majani ya chai ya shamba lao ilipotoka kiwandani ikiwa nzuri, waliketi jikoni wakazungumza.

"Mama Kemuma, jawabu ni moja," Onchiri akasema, akimwita mkewe kwa jina la binti yao mkubwa, kama kawaida yake. "Spika za Mose zinafika kiunoni. Zetu zifike kifuani."

"Kwani tunapima mahindi?"

"Watu wanapenda sauti."

"Watu wanapenda kujua ni nani anapigwa," Mokeira akajibu.

Hawakuelewana, lakini walielewana kwamba wataenda Kisii pamoja.

Katika duka la kwanza mjini, muuzaji alikataa kuwasha kitu chochote. "Televisheni ni televisheni, mama. Ikifika nyumbani itawaka," akasema. Mokeira akamshukuru, akatoka. Katika duka la pili waliwashiwa moja tu, tena kwa dakika chache, huku muuzaji akiifunika nusu kwa mwili wake. Duka la tatu lilikuwa la Haresh na mkewe Urmila.

Haresh alikuwa Mhindi aliyezaliwa papo hapo Kisii. Alikuwa mnene, mcheshi, miwani yake ikikaa kwenye paji la uso muda wote, na aliwaamkia kwa Ekegusii, lugha yao, kabla hawajamaliza kufuta matope ya viatu. Onchiri hakusikia salamu. Alikuwa ameshaona spika. Zilisimama kwenye kona, nyeusi, ndefu, zikimfika kifuani kama alivyoota.

"Hizo ni kali, mzee," Haresh akasema. Akaweka kanda, akazungusha kitufe. Chupa za soda zikalia kwenye kreti. Onchiri akafumba macho, akatabasamu kama mtoto anayekunwa mgongo.

"Nzuri," Mokeira akasema. "Sasa punguza."

Haresh akapunguza.

"Punguza zaidi. Hadi mtu aweze kuagiza chai bila kupiga kelele."

Haresh akapunguza tena. Sauti ikawa kama ya mtu anayezungumza ndani ya pipa. Maneno hayakushikika, ila mngurumo tu. Mokeira akaomba aunganishiwe spika nyingine, masanduku mawili ya mbao yasiyo na taa yoyote, yaliyokuwa juu ya rafu. Katika hizo, hata sauti ikiwa chini, ilisikika wazi mwanamke wa kwenye filamu alipovuta pumzi kabla ya kulia.

"Hizi zinasema," Mokeira akasema. "Zile zinanguruma."

"Hizi sizisikii kabisa," Onchiri akalalamika.

"Wewe husikii hata kinu, Baba Kemuma."

Wakageukia televisheni. Haresh aliwaonyesha iliyo kubwa kuliko zote, ya inchi ishirini na tisa, ambayo ilihitaji watu wawili kuibeba. Kwenye kioo chake filamu ya Kihindi ilikuwa ikionyesha bustani, maua ya kila rangi, na msichana mweupe anayecheza dansi. Ilipendeza kweli. Mokeira aliitazama kwa muda, akaisogelea, akarudi nyuma, akaitazama kutoka pembeni mahali ambapo mteja aliyechelewa angekaa. Kisha akasema, "Nionyeshe mtu mweusi."

Haresh akashusha miwani kutoka kwenye paji la uso. "Mtu mweusi?"

"Ndiyo. Hawa wote ni weupe, hata taa mbovu ingewaonyesha. Nataka kuona mtu kama mimi akiwa ndani ya nyumba, jioni."

Haresh na mkewe wakatazamana. Urmila, aliyekuwa amekaa nyuma ya kaunta akikata nyuzi za vitambaa, akacheka kwa sauti. Alikuwa mwanamke mwembamba, asiye na maneno mengi. Alikumbuka kwamba shemeji yake, ambaye hupiga picha za video kwenye arusi, alikuwa ameacha kanda ya arusi moja ya Keroka. Akaitafuta chini ya kaunta, akaiweka kwenye deki.

Kwenye televisheni kubwa, bibi arusi na wasimamizi wake walionekana kama magunia ya makaa yaliyovalishwa nguo nyeupe. Meno yalionekana, macho yalionekana, lakini sura hazikuwepo. Haresh alizungusha vitufe hivi na vile. Watu wakawa wa kijani, kisha wa zambarau, kama wale wa Mose. Wakajaribu ya pili. Wakajaribu ya tatu, ya inchi ishirini na moja, ambayo Haresh mwenyewe alikuwa ameisukuma nyuma kwa sababu kasha lake halikuwa na umbo la kuvutia. Hapo bibi arusi akatokea. Ngozi yake ilikuwa kahawia yenye mng'ao, na chozi lilikuwa limesimama kwenye kona ya jicho, likingoja ruhusa.

Wote wanne wakakisogelea kioo, wakamtazama.

"Huyu mtoto hakutaka kuondoka kwao," Urmila akasema.

"Alitaka," Mokeira akasema. "Ila anamwonea huruma mama yake. Tazama anakoangalia."

Haresh alikuna kichwa. "Miaka kumi nauza hivi vitu," akasema, "na sijawahi kuchagua kwa njia hii. Mimi nilikuwa naangalia maua." Hakuona aibu, alifurahi, kama mtu aliyeonyeshwa njia ya mkato ya kufika kwake. Kuanzia hapo akawa kama mnunuzi mwenzao. Akawaambia waziwazi kwamba ile kubwa ingekunywa petroli nyingi ya jenereta, jambo ambalo hakuwa amelitaja mwanzoni. Akawaonyesha pia deki mbili, moja yenye vitufe vingi na saa ya kuwakawaka, nyingine ya kawaida lakini nzito, ambayo fundi yeyote wa Kisii angeweza kuifungua na kupata vipuri vyake.

Mvua ikaanza. Ilikuwa ile mvua ya alasiri ya kwetu, isiyobisha hodi. Mokeira akainua kichwa.

"Bwana Haresh, hapa kuna dari. Kwangu ni mabati matupu. Mvua kama hii ikija, tutasikia nini?"

"Hapo sasa ndipo utahitaji zile ndefu," Onchiri akasema haraka.

Haresh akafikiri. Nyuma ya duka alikuwa na stoo ya mabati isiyo na dari. Kabla Urmila hajamkataza, alikuwa ameshabeba spika moja ndefu, Onchiri akabeba ya pili, na Mokeira akachukua yale masanduku ya mbao. Walivuta waya mpaka stoo, wakasimama katikati ya maboksi huku mvua ikipiga mabati kama kokoto.

"WASHA!" Haresh akapaza sauti.

"NINI?" Urmila akajibu.

"WASHA!"

Spika ndefu ziliwashwa hadi mwisho. Mvua ilinguruma, spika zikanguruma, na kilichopatikana ni mngurumo mmoja mkubwa usio na neno hata moja ndani yake. Masanduku ya mbao nayo hayakusikika kabisa. Onchiri peke yake ndiye aliyeonekana kustarehe. Haresh alikuwa anasema jambo refu kwa mikono yote miwili na hakuna aliyelisikia, hadi Mokeira akashindwa kujizuia, akaketi juu ya boksi akicheka machozi yakimtoka. Urmila, aliyekuja hadi mlangoni mwa stoo, akacheka kwa kumwona yeye. Mwishowe wote walikuwa wakicheka, na mvua haikuwajali.

Ilipopungua kidogo, Urmila akaonyesha juu. "Mama yangu alikuwa na duka la mabati, zamani, Kendu Bay," akasema. "Tulipotaka kusikia redio wakati wa mvua, alishona magunia akayatandaza chini ya paa, yakining'inia kidogo katikati. Mvua haishindwi kwa kelele. Unaizuia isiingie."

Mokeira akamtazama mumewe. Kwenye kinu magunia hayakuwahi kukosekana.

Basi walinunua televisheni ya inchi ishirini na moja, deki nzito, masanduku mawili ya mbao, na jenereta ndogo. Ile pesa ambayo ingeliwa na spika ndefu ilibaki kuwa ya kanda. Kabla ya kutoka, Onchiri alirudi kwenye kona, akazipapasa zile spika ubavuni, kama mtu anayemuaga ng'ombe aliyeuzwa.

Hapa ndipo Mokeira alipokosea, na ni yeye mwenyewe aliyekuwa akisimulia kosa hilo baadaye, akijicheka. Kwa kuwa alikuwa amechoka kuchagua, na kwa kuwa alimwonea mumewe huruma, alimwacha anunue kanda kutoka kwa mchuuzi wa barabarani. Mchuuzi alikuwa na kanda kumi zilizofungwa kwa mpira, kwa bei ambayo dukani ungepata mbili. Mokeira hakuziuliza zinalala wapi wala zinakula nini. Onchiri akazikumbatia kifuani hadi nyumbani.

Kwa wiki mbili walifanya kazi. Mokeira alishona magunia ishirini, akayafua kwanza ili yasiwanyunyizie watu unga kwenye chai. Onchiri, ambaye hakuna injini iliyowahi kumshinda, alichimba shimo nyuma ya migomba, akaiweka jenereta humo, akaijengea ukuta wa matofali, akapeleka moshi mbali kwa bomba. Ukiwa ndani ya hoteli ulisikia tu kama nyuki wa mbali. Majirani walikuja kuisikiliza isivyosikika.

Siku ya ufunguzi ilikuwa Jumapili. Watu walijaa hadi mlangoni. Kanda ya kwanza ilionyesha chenga tupu, kama uji usiochujwa. Ya pili ilikuwa na picha, lakini picha ilipanda na kushuka kama mtu anayeruka kamba. Ya tatu ilianza vizuri: mtu alimfuata adui yake hadi juu ya daraja, akachomoa kisu, watu wakashika pumzi, na hapo hapo ikatokea mechi ya mpira ya nchi isiyojulikana, iliyorekodiwa juu ya filamu.

"Ni nani ameshinda?" mzee mmoja akauliza.

"Bado ni sare," mwingine akajibu, na nyumba nzima ikavunjika mbavu.

Mokeira aligawa chai ya bure siku hiyo. Usiku alijisikia vibaya, si kwa hasara, bali kwa kujua kwamba alikuwa amepima kila kitu isipokuwa kile kilichotakiwa kutazamwa. Asubuhi alifunga deki ndani ya leso, akapanda gari la kwenda Kisii.

Urmila aliifungua deki pale pale juu ya kaunta. Akachovya kitambaa kwenye spiriti, akasugua kichwa cha kusomea kanda, kitambaa kikatoka cheusi.

"Kanda mbaya si kwamba zinaharibu jioni moja tu," akasema. "Zinaharibu na mashine. Ni kama kumwagia mchanga kwenye kinu."

Mfano huo Mokeira aliuelewa kabisa. Akauliza jinsi ya kuzijua kanda nzuri, naye Urmila akamfundisha bila haraka: ashike kasha asikie uzito, atazame utepe kupitia kidirisha kama haujakunjamana, na zaidi ya yote asikubali kununua bila kutazamishwa mwanzo, katikati na mwisho. Akachagua kanda tatu tu.

"Tatu?" Mokeira akashangaa. "Watu watachoka."

"Filamu nzuri ni kama wimbo wa kanisani, mama. Nani anachoka nao?"

Moja ya hizo tatu ilikuwa ya Kihindi, hadithi ya mwanamke mjane aliyewalea watoto wawili, mmoja akawa askari na mwingine mwizi. Mokeira alizipenda nyuso zake, lakini hakuelewa neno. Basi Urmila akamkalisha kwenye kiti, akamletea chai ya maziwa yenye iliki, na filamu ikiendelea akamsimulia yote kwa Kiswahili, nani anasema nini na kwa nini. Walimaliza saa nane mchana. Haresh alihudumia wateja peke yake siku hiyo, na kila alipopita aliuliza, "Mama yake ameshajua kwamba ni mwizi?"

Jumapili iliyofuata Mokeira alisimama kando ya televisheni yake, birika mkononi, akaiweka sauti chini, na kuisimulia filamu ile kwa Ekegusii huku akimimina chai. Alimpa mjane sauti ya mjane wa Magwagwa na askari sauti ya naibu wa chifu. Mvua ikaja. Magunia yakaipokea, ikawa kama kunong'ona juu ya vichwa vyao. Watu waliona kila chozi likishuka. Mama mmoja aliyeleta mahindi kusagwa alimpigia kelele yule mwizi aende nyumbani akamwone mama yake. Onchiri alikuwa amepewa kiti cha heshima, sikio lake limebandikwa kwenye sanduku la mbao, na alikuwa wa kwanza kulia.

Kufikia mwisho wa mwezi, hoteli haikuwa na nafasi. Ijumaa jua likikaribia kuzama, Mokeira aliifunika televisheni kwa kitambaa kilichofumwa, kwa kuwa walikuwa Waadventisti, wanaoshika Sabato siku ya Jumamosi, na haikufunuliwa hadi Jumapili. Hata Mose alikuja, akasimama mlangoni na kofia mkononi.

"Karibu ukae, Mose. Leo hulipi," Mokeira akasema.

Mose alikaa hadi mwisho. Kisha wakakubaliana kama majirani: yeye atabaki na filamu za ngumi, ambazo vijana walizipenda kwa kelele, na Mokeira atabaki na zile zenye hadithi. Onchiri akawa anavuka barabara jioni moja moja kwenda kuzisikiliza spika za Mose, na hakuna aliyemlaumu.

Mwaka uliofuata, Jumapili moja ya mwezi wa Agosti, Haresh na Urmila walikuja Magwagwa na gari lao kuona hoteli. Walikaribishwa kwa ndizi na kuku, kisha wakaketi benchi la mbele. Ikawekwa ile filamu ya mjane. Haresh aliyatazama magunia juu akatikisa kichwa kwa furaha. Lakini Urmila, aliyeijua filamu ile neno kwa neno, alianza kukunja uso. Mahali ambapo yeye alizoea kulia, watu walicheka. Mahali ambapo mjane hufa mikononi mwa mwanawe, hoteli nzima ilipiga makofi.

Taa ilipowashwa akamvuta Mokeira kando. "Mama Kemuma, uliwaambia nini pale mwisho?"

Mokeira akaangalia chini, kisha akaamua kusema kweli. "Niliwaambia amezimia tu. Nikasema kesho yake aliamka, akanywa uji, na yule mwizi akaja kumlimia shamba la chai."

"Lakini amekufa!"

"Najua. Mara ya kwanza nilimwua. Watu wakaenda nyumbani bila kumaliza chai, na mzee mmoja akakataa kunisalimia siku nne."

Urmila akamshika mkono.

"Aliamka saa ngapi?" akauliza.

"Mapema. Kabla ya jogoo."

"Na yule askari, alikuja pia?"

"Alikuja baadaye kidogo, alikuwa na zamu," Mokeira akasema. Wakarudi ndani wameshikana mikono, na Urmila akamweleza Haresh kwa Kigujarati habari za shamba la chai, huku Onchiri akiuliza kwa sauti iliyosikika hadi barabarani kama wageni wameongezewa chai.